Funakoshi: Mzee wa karate aliyeifanya salamu kuwa pigo la kwanza

KILA wikiendi tunaliona. Mwamuzi anapuliza filimbi, ananyoosha mkono kuonyesha penalti, na kabla hajashusha mkono wachezaji sita wameshamzonga. Mmoja anamsukuma kwa kifua, mwingine anamnyooshea kidole usoni. Jukwaani sisi tunapiga kelele za kuwaunga mkono. Tukirudi kijiweni tunabishana mpaka usiku kama ilikuwa penalti halali au la. Suala la adabu hata halitajwi.

Sasa pita jioni kwenye ukumbi wowote wenye mazoezi ya karate. Utakuta watoto wa miaka minane na watu wazima wenye vitambi, wote pekupeku, wote nguo nyeupe, wamejipanga mstari mmoja kama timu inayosubiri wimbo wa taifa. Wanahesabu Kijapani: ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, kyu, ju. Mmoja akila ngumi ya bahati mbaya, haangalii huku na huku kumtafuta mwamuzi. Aliyepiga anainama, aliyepigwa anainama, kazi inaendelea.

Mimi ni mtu wa soka, sijifichi. Lakini nilipoanza kuuliza haya mambo ya kuinamiana yameingiaje kwenye mchezo wa kupigana, kila njia ilinipeleka kwa mtu mmoja: Gichin Funakoshi. Mwalimu wa shule, mfupi, mpole, aliyezaliwa mdhaifu kiasi kwamba ndugu zake hawakutegemea angefika mbali. Hakuwahi kutwaa kombe. Hakuwahi kucheza hata mechi moja ya mashindano. Ila leo, kwenye dojo nyingi za Shotokan duniani, picha yake iko ukutani, na watu wanaiinamia kabla hawajarusha teke la kwanza.

NYWELE ZILIMNYIMA UDAKTARI

Funakoshi alizaliwa Novemba 10, 1868, mji wa Shuri, kisiwa cha Okinawa. Wakati huo Okinawa ilikuwa kitovu cha ufalme wa Ryukyu, uliokuwa na mfalme wake mwenyewe mpaka Japani ilipoufuta mwaka 1879. Familia yake ilikuwa ya tabaka la heshima, ila mfukoni hali haikuwa nzuri. Baba yake alikuwa mtu wa pombe.

Kwa sababu alizaliwa kabla ya wakati na afya yake ilikuwa ya mashaka, alilelewa upande wa mama, kwa babu na bibi. Babu alikuwa msomi wa vitabu vya kale vya Kichina, vile vya Confucius vinavyosisitiza heshima kwa mkubwa, kwa mzazi na kwa mwalimu. Dogo akavimeza. Kama unatafuta adabu ya karate ya Funakoshi ilianzia wapi, anza hapo, sebuleni kwa babu.

Ndoto yake ilikuwa udaktari. Alifikia hatua ya kubadilisha mwaka wake wa kuzaliwa kwenye daftari, kutoka 1868 kuwa 1870, ili aruhusiwe kufanya mtihani wa chuo cha udaktari Tokyo. Ndiyo, kudanganya umri hakukuanzia kwenye timu za vijana! Lakini kilichomkwamisha si umri, ni nywele. Wanaume wa tabaka lake walifuga nywele ndefu na kuzifunga kishungi utosini. Serikali mpya ya Japani ilitaka zikatwe, chuo kikagoma kumpokea mwenye kishungi, na familia yake ikagoma kukikata. Ndoto ikafa.

Akaenda ualimu. Huko nako kishungi kilikuwa hakitakiwi, na safari hii akakikata. Aliporudi nyumbani na kichwa kipya, wazazi walichachamaa. Lakini ndio ikawa kazi yake kwa miaka zaidi ya 30: chaki, ubao, na watoto wa shule.

MAZOEZI YA GIZANI

Karate ilikuja kupitia shuleni. Rafiki yake wa darasani alikuwa mtoto wa Anko Azato, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karate kisiwani. Mchezo ulikuwa unafundishwa kwa siri, hakuna bango wala klabu. Basi kijana alikuwa anatoka usiku na taa mkononi, anatembea mpaka kwa Azato, anafanya mazoezi uani, anarudi kwake alfajiri.

Usifikiri alikuwa anajifunza kuruka mateke ya sinema. Azato alimpa kata. Kata ni mpangilio wa mapigo na vizuizi dhidi ya adui asiyeonekana, kama vile kocha akuambie ukimbie, upige pasi, ugeuke, upige shuti, vyote bila mpira, kwa mpangilio uleule. Kata moja, usiku baada ya usiku, mwezi baada ya mwezi. Mwalimu amekaa barazani, hasemi mengi. Akiona kosa, anaagiza irudiwe. Hakuna kusonga mbele mpaka aridhike. Funakoshi alikiri baadaye kwamba kuna nyakati iliuma na ilimdhalilisha.

Mwalimu wake wa pili alikuwa Anko Itosu, yule aliyeipigania karate mpaka ikaingia kwenye shule za Okinawa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Hawa wawili ndio wanaostahili jina la sensei kwenye maisha yake. Sensei tunaitafsiri mwalimu, ila maana yake ya ndani ni mtu aliyetangulia kuzaliwa, aliyeipita njia kabla yako.

MAANDAZI NA VIBAKA WAWILI

Kuna kisa kimoja cha enzi hizo nataka ukishike vizuri, maana tutakirudia.

Funakoshi alikuwa njiani kwenda kwa wakwe zake, amebeba maandazi ya sadaka kwa ajili ya kuwakumbuka mababu wa mkewe. Njia ilipita kwenye miti ya misonobari. Wakatokea vibaka wawili. Wakamtishia, wakamtukana, wakataka mali. Hapo tayari ni mtu wa karate wa miaka mingi. Shabiki yeyote angesema sasa ndio muda wenyewe.

Akawapa maandazi. Akaenda zake.

Alipowasimulia walimu wake, Itosu alimpongeza na kuona saa zote alizotumia kumfundisha hazikupotea. Azato akatabasamu na kutaka kujua mababu walipewa nini basi, kama maandazi yameliwa na vibaka. Jibu la Funakoshi lilikuwa kwamba, kwa kuwa hakubaki na kitu, alitoa dua ya moyoni.

MWALIMU AU MFAGIZI?

Mwaka 1921, mrithi wa ufalme wa Japani, Hirohito, alipita Okinawa, na Funakoshi akaongoza maonyesho ya karate mbele yake kwenye kasri la Shuri. Mwaka uliofuata, 1922, Wizara ya Elimu ikaandaa maonyesho ya michezo Tokyo. Okinawa ikamtuma yeye. Umri wake miaka 53. Kwenye soka huo ni umri wa kocha aliyekwishafukuzwa mara tano.

Alipanga kukaa siku chache. Lakini Jigoro Kano, mwasisi wa judo, akamwita kwenye makao yake ya Kodokan aonyeshe anachokijua. Watu wakavutiwa. Mchoraji Hoan Kosugi naye akamwomba abaki afundishe. Akabaki. Mke wake alikataa kumfuata, kwa sababu mtu alipaswa kubaki Okinawa kuyatunza makaburi ya mababu.

Usidhani jiji lilimpokea kwa mkataba mnono. Alipata chumba kwenye bweni la wanafunzi kutoka Okinawa, na ili aishi akawa mlinzi, mfagizi na mtunza bustani wa bweni hilohilo. Mpishi alimpunguzia gharama za chakula, naye akamlipa kwa kumfundisha karate. Siku moja alibeba kofia na kimono chake kwenda kuviweka rehani duka la mbali, asionekane. Akashangaa kupewa pesa nyingi kuliko thamani ya vitu vyenyewe. Kumbe mdogo wake karani wa duka alikuwa mwanafunzi wake.

Kisa ninachokipenda zaidi, kwa sababu kinatuhusu sisi waandishi, ni cha mwanahabari aliyefika bwenini kumhoji bingwa wa karate kutoka Okinawa. Akamkuta mzee anafagia uwanja, akamuuliza mwalimu Funakoshi yuko wapi. Mzee akamwomba asubiri kidogo, akaingia chumbani, akavaa kimono rasmi, akatoka kumsalimia mgeni kama mwenyeji. Mwandishi hakumtambua kuwa ndiye yuleyule mwenye ufagio. Na mzee hakumuumbua.

JINSI DOJO INAVYOENDESHWA

Mwaka 1924 Chuo Kikuu cha Keio kikafungua klabu ya karate chini yake, na vyuo vingine vikafuata. Aprili mwaka huohuo akatoa mikanda myeusi ya kwanza kwa wanafunzi wake wachache. Si kila kitu alikibuni mwenyewe. Nguo nyeupe, inayoitwa gi, na mkanda, yaani obi, alivichukua kwa rafiki yake Kano wa judo. Hata madaraja ni ya judo: kyu kwa walio chini ya mkanda mweusi, na dan kwa wenye mkanda mweusi. Lakini aliyevijaza vyote hivyo adabu ya babu yake ni yeye.

Ukienda leo kwenye dojo ya karate, mambo yako hivi. Dojo ni mahali pa kujifunzia njia. Viatu vinaachwa nje. Mlangoni unainama, hata kama ndani hakuna mtu. Kuinama huko kunaitwa rei, na ndilo neno kubwa kuliko yote. Kucha fupi, gi safi, pete na mikufu hapana.

Mwanafunzi mkongwe anaitwa senpai, mgeni anaitwa kohai. Wanajipanga kwa daraja, si kwa umri wala kwa cheo cha kazini. Meneja wa benki mwenye mkanda mweupe anasimama chini ya mwanafunzi wa sekondari mwenye mkanda wa kahawia.

Kisha wanapiga magoti na kukaa juu ya visigino, ukao unaoitwa seiza. Linatoka agizo la mokuso: macho yanafungwa, kichwa kinatulizwa, yaliyotokea ofisini au kwenye daladala yanabaki nje. Baada yake salamu tatu. Shomen ni rei ni salamu ya mbele, pale palipo na picha ya mwasisi. Sensei ni rei ni ya mwalimu. Otagai ni rei ni ya wao kwa wao. Mazoezi yakianza ni hajime, yakisimama ni yame. Yame ikitamkwa, ngumi iliyoko hewani inaishia hewani.

Umechelewa? Huingii kama mchezaji wa akiba anayekimbilia uwanjani. Unapiga magoti pembeni, unasubiri mwalimu akuone na kukuruhusu. Mkanda umelegea? Unageuka, unaipa mgongo sehemu ya mbele, unaufunga upya. Mwisho wa mazoezi salamu zote zinarudiwa.

Funakoshi aliweka kanuni 20 za kuongoza wanafunzi wake. Ya kwanza inasema karate inafunguliwa na kufungwa na hiyo rei. Ya pili inasema mtu wa karate si wa kuanza kupiga. Ukizitazama kata alizozipa umuhimu, nyingi zinaanza na kizuizi, si na pigo.

ALIVYOGOMBANA NA VIJANA WAKE

Sio kwamba kila mtu alimwelewa. Alipobadilisha maandishi ya neno karate, kutoka maana ya mkono wa Kichina kuwa mkono mtupu, wazee wa Okinawa walimlalamikia. Alibadilisha na majina ya kata, Pinan zikawa Heian. Jina Shotokan lenyewe limetokana na Shoto, jina lake la kuandikia mashairi, linalobeba sauti ya upepo kwenye misonobari ya kwao Shuri. Wanafunzi walichangishana wakamjengea dojo Tokyo miaka ya 1930, wakaiita hivyo.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa mashindano. Vijana wa vyuo walitaka kupigana kweli, wajue nani mkali. Mwishoni mwa miaka ya 1920, wale wa Chuo Kikuu cha Tokyo wakaanza kupambana wakiwa na vifaa vya kujikinga. Mzee akachukia, akajitoa kwao. Kumite, yaani pambano la watu wawili, kwake ilikuwa zoezi la mpangilio, na pigo linasimama kabla ya kugusa. Hofu yake ilikuwa rahisi: ukishaweka mshindi na mshindwa, rei itageuka kuwa maigizo.

Sisi watu wa soka tunajua anachokisema. Tunawapanga wachezaji wapeane mikono kabla ya mechi mbele ya kamera, na dakika ya 10 wanakanyagana.

USIKU ALIOVUNJA KANUNI YAKE

Kisha vita. Mwaka 1945 mabomu yaliiteketeza dojo ya Shotokan. Mwaka huohuo mwanawe Yoshitaka, aliyekuwa anatarajiwa kuishika karate baada yake, alifariki kwa kifua kikuu. Okinawa ikawa uwanja wa vita. Mkewe alinusurika akahamia Oita, kisiwa cha Kyushu, na mzee akamfuata huko baada ya miaka mingi ya kuishi mbali. Hawakukaa pamoja muda mrefu. Mwaka 1947 mama huyo akafariki, na mzee akarudi Tokyo na majivu yake.

Ni katika miaka hiyo ya njaa, akikaribia miaka 80, alipokuwa anatembea peke yake usiku na kibaka akamrukia. Hakuwa na maandazi ya kutoa safari hii. Akainama, pigo likapita juu, na mkono wake ukamkamata kibaka sehemu za siri. Jamaa hakuwa na ujanja tena. Askari wa doria akatokea, mzee akamkabidhi mtu wake.

Kijiweni kwetu hilo lingekuwa bao la mwaka. Babu wa miaka karibu 80 anamlaza mhalifu! Lakini mzee mwenyewe alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Alimfikiria yule mtu, pengine askari aliyerudi kutoka vitani bila kazi wala chakula, aliyefanya vile kwa shida tu. Na akajiona ametenda jambo ambalo kila siku anawakataza vijana wake. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe, na akaliandika kwenye kitabu cha maisha yake kila mtu asome.

Hapo ndipo nilipomwelewa. Kumpa kibaka maandazi ukiwa kijana mwenye nguvu, huku walimu wako watasikia, ni jambo kubwa. Kujionyesha kadi nyekundu wakati dunia nzima inakupigia makofi ni kubwa zaidi.

BAADA YAKE

Mwaka 1949 wanafunzi wake waliunda Chama cha Karate cha Japani, yeye akiwa mkuu wa heshima. Alifariki Aprili 26, 1957, akiwa na miaka 88. Mwaka huohuo chama kikaandaa mashindano yake ya kwanza ya taifa. Tafsiri utakavyo.

Karate ilifika Olimpiki ya Tokyo iliyochezwa 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Fainali ya wanaume wazito ilikuwa Agosti 7. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa anaongoza 4-1 dhidi ya Sajad Ganjzadeh wa Iran. Likaja teke la kichwa, Ganjzadeh akaanguka, akazimia, akatolewa kwa machela. Ukumbi ukajua bingwa ni nani.

Waamuzi wakakaa, wakarudi na neno moja: hansoku. Maana yake umevunja sheria, umeondolewa. Teke halikudhibitiwa. Dhahabu ikaenda kwa aliyezimia, na Hamedi akachukua fedha. Watu walilalamika mitandaoni, wengine wakacheka kwamba ni mchezo gani huu, ukimlaza mpinzani unashindwa.

Sijui kama mzee angekubali kuwepo kwa fainali yenyewe, nahisi asingekubali. Lakini ile hansoku angeielewa. Nguvu bila breki kwake haikuwa karate.

Kaburini kwake hakuna kombe. Kuna mnara wa kumbukumbu kwenye hekalu la Engaku-ji, mji wa Kamakura, uliowekwa 1968, miaka 100 tangu azaliwe, na juu yake imechongwa ile kanuni ya kutoanza kupiga.

Jumamosi hii ligi inaendelea. Filimbi italia, mkono wa mwamuzi utanyooshwa, na timu yangu huenda ikaonewa. Natamani nione mchezaji mmoja tu, mmoja, anaingiza mikono mgongoni, anainamisha kichwa kidogo, anarudi kwenye nafasi yake.